Uzi maalumu: Kuwinda elki milimani Colorado na familia, safari ya kwanza (vibali, baridi na mzigo wa nyama)

Mwana wa Pangani:

Wakuu salaam. Tangu niweke ile picha ya mishkaki kule jukwaa la mapishi, maswali hayaishi. Nyama gani hiyo, umeipata wapi, ni halali, na mimi naweza? Nimeona nifungue uzi niseme yote mahali pamoja.

Ni nyama ya elki. Kwa asiyemjua, ni jamaa wa kulungu wa nchi za baridi. Dume lake lina pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya. Jike lina kilo mia mbili na ushee, dume hupita mia tatu. Tulimpata Colorado, upande wa Flat Tops, ndani ya msitu wa taifa. Bonde gani, sisemi. Hilo ukimuuliza mwindaji yeyote wa huku atakuonyesha mlima mwingine. Tulikwenda mimi, baba mkwe wangu aliyezaliwa na kuzeekea milima hiyo, na binti yangu wa miaka 14. Aliyepiga ni binti.

Wengi mmeuliza habari za bunduki. Bunduki ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Ukitaka kumwinda elki mbali na barabara, swali la kwanza ni mgongo: nani atabeba, kilo ngapi, kwa njia ipi. Majira yote ya kiangazi nilikuwa namwonyesha baba mkwe sehemu kwenye ramani, hapa pana majani, hapa pana maji, na yeye kila mara ananijibu kwa swali lilelile: "Na kutoka hapo?"

Nianze na vibali maana hapo ndipo watu wetu huogopa bure. Kila jimbo lina idara yake ya wanyamapori. Huku ni Colorado Parks and Wildlife. Ukikaa jimboni miezi 6 mfululizo unahesabiwa mkazi. Mkazi hulipa chini ya dola 100 kwa elki mmoja, mtu wa jimbo jingine hulipa zaidi ya dola 700 kwa dume. Aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949 lazima awe na cheti cha kozi ya uwindaji salama. Mimi na binti tuliisoma pamoja, na mtihani alinizidi alama.

Vibali viko vya aina mbili. Kuna vya bahati nasibu, unaomba kabla ya mwanzo wa Aprili halafu unasubiri majibu. Na kuna vya kununua tu dukani, ambavyo kwa bunduki ni vya dume na kwa misimu ya katikati. Binti aliomba jike akapata. Mimi nikanunua cha dume. Na si dume lolote: sehemu nyingi sharti pembe ya upande mmoja iwe na ncha nne au zaidi, au ile ncha ya chini juu ya jicho ifike inchi 5. Kwa hiyo unahesabu kwanza kwa darubini, ndipo unawaza kidole.

Nguo: rangi ya chungwa inayong'aa, au waridi inayong'aa, inchi za mraba 500 kiunoni kwenda juu, na kofia ya rangi hiyohiyo. Binti alichagua waridi. Elki rangi hizo hazioni kama sisi, wanaoziona ni wawindaji wenzako, na hao ndio unaotaka wakuone.

Naendelea jioni, nipo kazini.

Kipanga wa Lushoto:

Hii chai mkuu, tena ya tangawizi. Mtoto wa miaka 14 na bunduki porini? Mama yake yuko wapi?

Mwana wa Pangani:

Mama yake ndiye aliyemjazia fomu. Yeye mwenyewe aliwinda na baba yake akiwa na umri huohuo, safari hii alibaki nyumbani na mdogo wao.

Sheria ya hapa inaruhusu kuanzia miaka 12 kwa wanyama wakubwa, na aliye chini ya miaka 16 lazima awe na mtu mzima. Tena si mtu mzima aliyeko kambini anakunywa kahawa. Muweze kuonana na kusikizana bila darubini wala redio. Tulimpeleka uwanja wa shabaha wiki baada ya wiki, akilala, akipiga goti, akiegemeza bunduki kwenye shanta. Babu yake alimwekea kanuni moja: umbali ambao huwezi kupiga sahani ya chakula mara zote, huo si umbali wako.

Mama Tausi:

Mie nimekaa kwenye mkeka, endelea. Ila tuambie kuhusu baridi, maana nyie watu wa Tanga mkiona mvua ya vuli mnavaa masweta.

Mwana wa Pangani:

Mama Tausi umenipata. Kambi yetu ilikuwa karibu mita 3,000 juu ya bahari. Mapafu yangu yamekulia Pangani, mtoni na baharini, hata Denver yenyewe bado naiona mlima. Usiku wa kwanza tulilala chini kwanza ili mwili uzoee, kesho yake ndiyo tukapanda. Kichwa kiliuma kidogo, nikanywa maji na kutembea taratibu. Mtu akianza kutapika au kupepesuka huko juu dawa yake ni moja, kushuka, hata kama ni usiku na hata kama umelipia kibali.

Mwisho wa Oktoba usiku unaganda. Chupa za maji unazilaza kifuniko chini, kwa sababu barafu huanza juu, hivyo asubuhi mdomo wa chupa unakuwa haujaziba. Kichujio cha maji unalala nacho ndani ya begi la kulalia. Kikiganda hata mara moja, usikiamini tena. Pamba usivae, ikilowa jasho haikauki. Vaa sufu. Chakula nilibeba tende, kashata, wali wa kukaushwa, na unga kidogo wa ugali ambao baba mkwe aliutazama kwa mashaka mpaka alipouonja na maharage.

Sasa mnyama mwenyewe. Septemba ndio wakati madume wanalia, mlio mrefu mwembamba unaopanda, na watu wa mishale huwaita kwa kuiga. Sisi wa Oktoba tunawakuta wamenyamaza. Mchana wamejificha ndani ya misonobari mizito, hasa miteremko ya kaskazini ambako jua halifiki, na wanatoka kula mbugani alfajiri na jioni. Kwa hiyo kazi ya mchana ni kukaa na darubini.

Na upepo. Alfajiri hewa baridi inatelemka kufuata mabonde. Jua likishika mteremko, hewa inageuka na kupanda. Jioni inatelemka tena. Pua ya elki haina mjadala. Ukiwa upande mbaya, kundi zima litahama bonde kabla hujaliona. Sisi tuliamka usiku wa manane, tukapanda kwa kuzunguka ili kunapokucha tuwe pembeni mwao kwa chini, harufu yetu ikitelemka nyuma yetu, na tukajitahidi kumaliza mambo kabla upepo haujaanza kuchezacheza.

Jioni ya mwanzo lilitoka dume. Ncha tano kila upande, halali kabisa kwa kibali changu, limeshuka kunywa chini ya korongo. Nilikuwa nimeshalala chini, bunduki iko juu ya shanta. Baba mkwe hakunikataza. Alitazama saa, akatazama miti iliyoanguka ikapandana kwenye ule mteremko, akamtazama mjukuu wake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na kutoka hapo?" Sheria inaruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo muda ulikuwepo. Lakini kilo mia na ushee za nyama ndani ya shimo lile, gizani, na mtoto? Nikatoa risasi chemba. Dume likanywa likashiba, likaondoka zake.

Kipanga wa Lushoto:

Yaani ukaliacha??? Mkuu wewe si mwindaji, wewe ni mtalii.

Bwana Nyama Mstaafu:

Kipanga, huyo ndiye mwindaji. Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi, wanaopiga halafu wanafikiri ndio wanaotuachia mizoga inayonuka. Nauliza, huko kuiacha nyama ioze ni kosa?

Mwana wa Pangani:

Ni kosa, mzee wangu. Mapaja, mikono, sarara, yote lazima uyatoe yafae kuliwa na binadamu. Ukichukua pembe ukaacha nyama, unaingia kesi mbaya kuliko ya faini ya kawaida. Pembe zenyewe hakuna anayekulazimisha kuzibeba.

Ustadhi wa Makorora:

Assalaam alaykum. Nimesubiri suala la uhalali. Mnyama hakuchinjwa.

Mwana wa Pangani:

Waalaykum salaam ustadhi. Hili nililiulizia kabla hata ya kuomba kibali, kwa sheikh wa msikiti wetu hapa. Alinipeleka kwenye Surat al-Maida aya ya 4 na hadithi za Adiy bin Hatim. Kwa ufupi: mawindo yana hukumu yake. Ukitaja jina la Allah wakati wa kupiga, na silaha ikachoma na kuua, mnyama ni halali. Ukimkuta bado ana uhai wa kutosha, unamchinja. Ukimkuta amekufia majini na hujui kama ni risasi au maji, unamwacha. Kisu kikali nilikuwa nacho kiunoni muda wote kwa ajili hiyo.

Ustadhi wa Makorora:

Umejibu vizuri. Niongeze tu kwa faida ya wasomaji: kwetu Washafi kutaja jina la Allah hapo ni sunna iliyotiliwa mkazo, madhehebu mengine wanaihesabu sharti, basi usiiache. Na kuhusu risasi, wapo wanazuoni waliosita zamani, wengi wa sasa wanairuhusu kwa kuwa inapenya. Kila mtu amuulize sheikh wake.

Mama Tausi:

Sasa binti! Tunamtaka binti!

Mwana wa Pangani:

Asubuhi moja tulikuwa ukingoni mwa mbuga ndogo, upande wa chini, jua halijatoka. Kundi la majike na ndama wakubwa likaanza kurudi msituni, jike mzee mbele. Huyo mzee usiombe akutazame. Binti amelala, babu yake kushoto na darubini, mimi nyuma yao sina kazi zaidi ya kuomba dua. Kipimo kilisoma mita 160. Mara mbili jike alilolilenga lilisimama lakini kuna mwenzake nyuma, na risasi inaweza kupita ikampata wa pili. Akangoja. Babu hakusema neno. Kundi likasogea, jike likabaki peke yake limegeuza ubavu. Nikasikia "Bismillahi Allahu Akbar", kisha mlio.

Jike lilitembea hatua chache likaingia kwenye miti. Hapo ndipo wageni huharibu. Usimkimbilie. Mnyama aliyejeruhiwa akilala bila kufukuzwa atafia hapo, ukimfukuza atakupeleka bonde la tatu. Tulikaa nusu saa. Damu tuliyoikuta ilikuwa nyekundu ya kung'aa, yenye povu: ni mapafu. Tulimkuta ndani kidogo tu ya msitu, ameshakufa.

Binti alitia sahihi na tarehe kwenye kibali chake palepale kama sheria inavyotaka, kisha akaomba aone mapafu. Alitaka kujua risasi imepita wapi. Babu yake akakunja mikono ya shati, wakafundishana.

Kuchuna tulitumia njia ya kutofungua tumbo. Unamlaza ubavu, unachuna upande wa juu mpaka mgongoni, unatoa mkono, paja, sarara, nyama ya shingo na ya mbavu. Unamgeuza, unafanya vilevile. Mwisho unapenyeza mkono nyuma ya mbavu za mwisho unatoa steki ya ndani. Haraka ni muhimu hata kwenye theluji, kwa sababu paja la elki ni nene, joto hubaki kwenye mfupa na nyama huchachia ndani wakati nje imeganda. Nyama inaingia mifuko ya pamba inayopitisha hewa, inatundikwa kivulini. Na acha alama ya jinsia imeshikana na nyama, kwetu ilikuwa kipande cha kiwele kwenye paja. Bwana nyama akikusimamisha barabarani hicho ndicho atakachouliza.

Jike lilitupa kama kilo 70 za nyama bila mifupa. Gari liko kilomita nne. Mtauliza kwa nini tusichukue kitoroli. Tulikuwa ndani ya eneo lililotengwa chini ya sheria ya 1964 ya mapori asilia, na humo gurudumu haliruhusiwi, liwe la pikipiki, la baiskeli au la kitoroli. Miguu au farasi, basi. Farasi na mchungaji wake wanakodishwa, bei yake inaweza kukufanya ule kuku mwaka mzima. Tukabeba. Binti alipewa mzigo mdogo akaukataa, akaongeza sarara mbili. Baba mkwe na magoti yake mabovu alikwenda na fimbo mbili pole pole, bila kupumzika, akatuacha wote. Tulikwenda na kurudi mpaka giza, tukizungumza kwa sauti kubwa njiani kwa ajili ya dubu weusi ambao bado hawajalala wakati huo.

Mimi kibali changu cha dume kilirudi nyumbani hakijatumika. Hiyo ni kawaida. Wengi wanaonunua vibali hivyo vya dukani hawapati kitu.

Kamau wa Bondeni:

Wadau, mimi ni Mkenya, huku kwetu uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Nashangaa hii "ardhi ya umma". Unaingia tu hivi hivi? Hakuna geti? Hakuna mwenyewe?

Mwana wa Pangani:

Hakuna geti, kaka. Msitu wa taifa ni mali ya serikali ya shirikisho na kila mtu anaingia. Mpakani mwa ranchi za watu ndipo pa kuangalia, simu zina programu za ramani zinazoonyesha mstari ulipo. Mimi nafanya kazi ghalani, nafungasha maboksi. Kwetu Tanga sikuwahi kufikiri kuwinda ni jambo la mtu wa kipato changu. Niliona ni la mgeni mwenye ndege au la jangili. Hili ndilo lililonishangaza kuliko theluji.

Na fedha zinarudi porini. Tangu sheria ya 1937, kila bunduki ndefu na kila risasi ina kodi ya asilimia 11 inayokwenda kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 elki Colorado walikuwa karibu kuisha, wengine ikabidi waletwe kutoka Wyoming. Leo hakuna jimbo lenye elki wengi kama hili.

Shangazi wa Aurora:

Mdogo wangu, uzi mzuri, lakini hiyo "hakuna mwenyewe" tuiseme vizuri. Mabonde hayo yalikuwa ya Waute, wenyeji wa asili wa milima hiyo. Baada ya mapigano ya 1879 pale ulipo mji wa Meeker leo, Waute wa White River walisukumwa Utah mwaka 1881. Ardhi ikawa ya umma baada ya kuondolewa wenyewe.

Mwana wa Pangani:

Kweli shangazi. Kusini mwa jimbo bado wapo Waute wenye haki yao ya kuwinda nje ya ardhi waliyotengewa, kwa makubaliano ya 1874, lakini Flat Tops hawakubaki.

Bwana Nyama Mstaafu:

Mambo hayo hata kwetu tunayajua, kijiji kinahamishwa ndipo panaitwa hifadhi. Tanzania nasi tulifunga uwindaji 1973 tukafungua 1978. Sheria ya 2009 ipo na leseni zipo, ila mwananchi wa kawaida hazioni. Kidogo bucha za nyamapori za kanuni za 2020 zimesaidia watu kuonja bila kukimbizana na askari. Huko bucha zipo?

Mwana wa Pangani:

Hapana mzee. Nyama uliyowinda huku huruhusiwi kuiuza hata kilo moja. Kula, gawa, basi. Elki unayemkuta kwenye menyu ya hoteli ni wa kufugwa.

Mtu wa Uvira:

Bandugu, mie niko Boise, Idaho. Huku kanisani watu banatupatiaka nyama ya elki kila mwaka, batu banaipenda. Nataka na mie nikawinde. Sheria ni sawa?

Mwana wa Pangani:

Karibu sana ndugu. Idaho nako miezi 6 unakuwa mkazi. Kozi ni kwa waliozaliwa baada ya Januari 1, 1975. Bunduki: mwenye green card ananunua kama raia baada ya kukaguliwa kumbukumbu zake. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, mambo ni tofauti. Asiguse bunduki kabla hajapata ushauri wa mwanasheria, maana kosa hilo ni la shirikisho. Kanisa lenu hilo lina wawindaji tayari, anza na hao.

Mama Tausi:

Nyama yenyewe ikoje? Ina shombo?

Mwana wa Pangani:

Haina. Nyekundu sana, haina mafuta, kwa hiyo ukiipika kama ng'ombe wa mafuta inakauka. Sarara ni ya moto mkali na muda mfupi. Mapaja nayaloweka kwa papai bichi, tangawizi na ndimu. Ya shingo ni ya pilau, ichemke taratibu, samli usiionee uchungu.

Kipanga wa Lushoto:

Haya nimeamini. Lakini nimesikia wanyama hao wana ugonjwa wa kuoza ubongo.

Mwana wa Pangani:

Upo. Unaletwa na prioni, yaani protini iliyoharibika umbo, mnyama anakonda anadhoofu mpaka anakufa, na kuupika hakuuondoi. Ulionekana mara ya kwanza 1967 kwa kulungu wa kufugwa kwenye kituo cha utafiti Fort Collins, hukuhuku Colorado. Hakuna mtu aliyethibitika kuupata, lakini ushauri wa afya ni kutokula mnyama aliyekutwa nao. Tulipeleka kichwa kupimwa, tukaiandika mifuko yote kwenye friza na hatukuigusa mpaka majibu yakaja safi. Picha ya mishkaki ni ya baada ya hapo.

Kipanga wa Lushoto:

Basi mwakani nikija Denver kwa dada nichukueni.

Mwana wa Pangani:

Kozi kwanza. Halafu Jumamosi moja njoo tupande mlima, mgongoni una mfuko wa sembe wa kilo 25. Ukishuka huku unacheka tutaongea habari za Aprili.

Kipanga wa Lushoto:

Kilo 25? Niandikeni mpishi wa kambi.

Mwana wa Pangani:

Mpishi ndiye anayebeba masufuria.